Amri ya Kwanza ni Kuuliza: Safari Yangu ya Anderlecht

Jina la Anderlecht nililijua kwa mpira. Wazee wa mtaani kwetu Likoni walilitaja kila walipokumbuka timu za redioni: klabu ya Ubelgiji yenye jezi za zambarau, iliyoanzishwa 1908, iliyochukua Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1976 na tena 1978. Sikujua kwamba ni manispaa kamili, mojawapo ya zile 19 zinazounda jiji la Brussels, yenye watu zaidi ya 120,000, soko, machinjio, mfereji na ofisi za kompyuta. Hayo nilikuja kuyajua kwa sababu ya kazi.

Mimi ni opereta wa mitambo. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini usiku na kuhakikisha kompyuta zinazohesabu pesa za watu hazisimami, na zikisimama zisisimame vibaya. Nimeifanya Nairobi kwa miaka, kwenye seva za kawaida za siku hizi. Kisha ofisi yetu ikapata kandarasi ya kusaidia zamu za usiku za kampuni moja ya bima huko Ulaya, ambako maopereta wa zamani wanastaafu na vijana hawajitokezi kushika nafasi zao. Mitambo yao si ya aina yetu. Ni meinfremu, kompyuta kubwa za ukoo wa System/360 ambao IBM iliutangaza tarehe 7 Aprili 1964, na juu yake unaendeshwa mfumo wa miamala uitwao CICS, ulioko sokoni tangu Julai 1969. Mfumo wa namna hiyo huwezi kukabidhiwa kwa kusoma vitabu tu. Unakaa na mtu anayeujua, anakuonyesha. Ndiyo maana tukatumwa.

Sitakawia kwenye habari za viza na uwanja wa ndege. Tulitua Zaventem alfajiri moja ya Februari, tukapanda treni inayopita chini ya katikati ya jiji, tukashuka kituo cha Midi. Kwa ramani kituo hicho ni cha Saint-Gilles, lakini ukitokea upande wa magharibi na kutembea kidogo umeshaingia Cureghem, mtaa wa Anderlecht uliopakana na reli. Nilitarajia Ulaya ya kwenye kalenda, ya makasri na maua. Nilichokikuta ni maduka ya nguo za jumla, vinyozi, bucha za nyama ya halali, na kuelekea mtaa wa Heyvaert yadi baada ya yadi za magari ya mitumba yanayosubiri kupelekwa bandari ya Antwerp, na kutoka huko hadi Afrika Magharibi. Toyota moja ilikuwa imejazwa magodoro na friji mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mtu wa pwani akiona mzigo umeshindiliwa hivyo, ugeni unampungua. Vibao vya barabara vimeandikwa mara mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na wanaopita chini yake wanaongea Kiarabu, Kilingala, Kituruki na Kiromania.

Darasa letu lilikuwa kwenye jengo la ofisi kando ya mfereji wa Charleroi, uliofunguliwa 1832 ili makaa ya mawe ya kusini yafike Brussels kwa mashua. Mashua bado zinapita, ndefu na nzito, na kutoka dirishani ulikuwa ukiziona zikisogea taratibu. Mwalimu alikuwa mama wa Kiflemi aliyekaribia kustaafu, aliyeanza kazi hii kwa zamu za usiku akiwa msichana. Wenyeji walimwita Madame, nasi tukamwita hivyohivyo. Mwenzetu mmoja alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyehamia Brussels na watoto wake. Aliposikia lafudhi yangu alikuja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, kaka," akasema. "Hapa baridi iko mingi, lakini kazi iko."

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ukilipia bima yako kwa kadi, vitu viwili lazima vitokee pamoja: akaunti yako ipungue na ya kampuni iongezeke. Kimoja kikitokea bila kingine, kuna mtu ameibiwa na mwizi hayupo. Kazi ya CICS ni kuhakikisha vyote viwili vinatokea, au hakuna hata kimoja, na kufanya hivyo kwa maelfu ya watu wanaobonyeza vitufe kwa wakati mmoja. Muamala ukikatika njiani, mfumo unasoma daftari lake la matukio na kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Opereta haandiki programu za miamala hiyo. Yeye ndiye anayesimamia vitu vinavyoziwezesha kufanya kazi, na chombo chake ni amri.

Skrini ni nyeusi, maandishi ya kijani, urithi wa terminali za 3270 zilizotoka 1971. Kipanya hakina kazi, picha hakuna. Unaandika herufi nne na kubonyeza Enter. Kwa CESN unajitambulisha kwa jina na nywila. Kisha CEMT, na hapo ndipo ofisi ya opereta ilipo, kwa sababu kupitia CEMT unazifikia rasilimali za mfumo: faili, programu, terminali, aina za miamala, na kazi zinazoendelea dakika hiyohiyo. Amri tulizozitumia zaidi zilikuwa tatu: INQUIRE ya kuuliza hali, SET ya kubadilisha, na PERFORM ya mambo makubwa kama kuzima mfumo mzima.

Madame alitukataza SET na PERFORM. Mwanzoni kabisa tuliuliza tu, asubuhi hadi jioni, mpaka macho yakazoea. Ukiandika CEMT INQUIRE TASK, skrini inajibu kwa mistari, kila mstari kazi moja: namba yake ndani ya mabano, herufi nne za muamala ulioianzisha, terminali inakotoka, kisha neno lililofupishwa la hali yake. Run, iko kwenye kichakataji sasa hivi. Dis, iko tayari, inangoja zamu yake. Sus, imesimama, kuna kitu inakingoja. Iliyosimama ukiipekua zaidi inakuambia inangoja nini: rekodi iliyoshikwa na mwingine, au jibu la diski, au mtu aliyeko kwenye terminali ambaye hajabonyeza kitufe. Na juu ya mistari yote kuna sentensi fupi inayokujulisha kwamba unaweza kuandika juu ya matokeo ili kuyabadilisha.

Hiyo sentensi ndiyo ya kuogopwa. Kama mstari unasema faili iko wazi, unapeleka kishale juu ya herufi Ope, unaandika Clo, Enter, na umeshaamuru faili ifungwe. Palepale uliposoma ndipo unapotenda. Halitokei dirisha la kukuuliza kama una hakika. Waliotengeneza mfumo huu walimchukulia opereta kuwa mtu mzima aliyesoma kabla ya kugusa, na mimi naona walifanya vyema, mradi mtu huyo awe amefundishwa. Ndiyo sababu pia si kila mwenye nywila anaruhusiwa CEMT, na amri zinazotolewa huwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na jina la aliyezitoa.

Zoezi lililonikaa moyoni lilikuwa hili. Ni jioni. Kazi za mafungu za usiku, zile zinazopitia madai yote ya siku na kuandaa malipo, zinaihitaji faili ya wateja, na kabla ya kupewa lazima ifungwe upande wa CICS. Opereta ametoa amri ya SET FILE CLOSED. Skrini haijasema faili imefungwa. Imesema ombi la kufunga limepokelewa. Dakika zinakwenda, faili bado iko wazi, foleni ya kazi za usiku inarefuka, simu ya mkuu wa zamu inalia. "Fanyeni," akasema Madame, akakaa.

Tuliuliza kazi zinazoendelea. Ikaonekana moja, imesimama, na sababu ya kusimama imeandikwa ZCIOWAIT: inangoja terminali. Maana yake kuna karani tawini aliyeanza kubadilisha rekodi ya mteja, akaiacha skrini wazi, akaenda zake. CICS haimnyang'anyi mtu faili iliyo mikononi mwake, kwa hiyo ilikuwa ikimngoja yeye.

Kijana mmoja wa darasani, mzaliwa wa Cureghem mwenye wazazi wa Morocco, mwepesi wa akili kuliko sisi sote, alisema papo hapo: iueni hiyo kazi. Na amri zipo, zimepangwa kwa ngazi. PURGE huitoa kazi pale tu mfumo unapoona kwamba data itabaki salama, na inaweza kukataliwa. FORCEPURGE huitoa hata pale ambapo usalama wa data hauna dhamana. KILL ni ya mwisho kabisa, haitumiki mpaka zile nyingine zijaribiwe, na baada yake unaweza kujikuta umeuyumbisha mfumo mzima. Kijana alikuwa anataka FORCEPURGE, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi haraka.

Madame hakubishana naye. Alichukua simu ya mezani akaiweka mbele yake. Kwenye mstari ule, akasema, kuna jina la terminali. Terminali iko kwenye tawi. Tawi lina watu. Piga. Kijana akapiga, na Madame mwenyewe, upande wa pili wa chumba, akaitika kama karani: samahani, nilikuwa nakula, ngoja nimalizie. Akabonyeza Enter kwenye terminali yake ya mazoezi. Ile kazi ikatoweka kwenye orodha, na faili ikajifunga yenyewe bila amri ya pili.

Na asipopatikana? Hapo ndipo PURGE, na kabla ya kubonyeza unaandika kwenye daftari la zamu: saa, namba ya kazi, jina la muamala, terminali, na nani umemwarifu. Mfumo utarudisha nyuma yale ambayo karani hakuyakamilisha, na kesho atayaanza upya. FORCEPURGE inahitaji idhini ya mkubwa wako, kwa jina. Utaratibu huo hauko kwenye mashine. Umo ndani ya watu, na Madame aliutilia mkazo kuliko amri zenyewe.

Nilimsikiliza nikikumbuka vyumba vya seva nilivyopitia nyumbani, ambako dawa ya kila ugonjwa ni kuzima na kuwasha upya. Huduma inasuasua, mtu anawasha upya. Inarudi, wote wanapumua, na hakuna anayejua nini kilikuwa kimekwama, wala miamala mingapi ilikatwa katikati. Mteja wa Kisumu au Tanga anayelalamika asubuhi kwamba pesa zimetoka na hazijafika, aghalabu analipia kule kuwasha upya kwa usiku.

Somo la kikomo cha kazi nalo lilinifungua macho. CICS ina idadi ya juu ya kazi zinazoruhusiwa kuendelea pamoja. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, idadi hiyo ikifikiwa, zinazokuja zinapangwa foleni, na simu zinaanza. Amri ya kukipandisha kikomo ni fupi, na mkono unawasha kuitoa. Lakini ukiuliza kwanza unaweza kukuta kazi zote zilizojaa mle zinangoja kitu kimoja, labda rekodi moja au hifadhidata iliyozubaa. Ukipandisha kikomo unaongeza wangojaji tu, kila mmoja na kipande chake cha kumbukumbu, mpaka kumbukumbu nayo iishe na tatizo dogo liwe kubwa. Jambo la kufanya ni kutafuta kile wanachokingojea.

Jumamosi tulikwenda sokoni, kwenye machinjio ya Anderlecht. Lango lake linalindwa na mafahali wawili wa shaba, na soko liko chini ya paa kubwa la chuma lililojengwa 1890, wazi pande zote, upepo ukipita. Soko huwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ndugu yule wa Bukavu alinipeleka kwa mama mmoja wa kwao anayeuza sombe, ndizi na samaki wakavu. "Mama, huyu mutoto ametoka Mombasa," akamwambia. Mama akaniongezea ndizi juu ya mizani na kukataa pesa yake. Tukiwa tunarudi, kaka yangu huyo alinieleza habari za Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu aliyefika Ubelgiji kama mkimbizi mwaka 1975, akawa mhandisi, na mwaka 2018 akachaguliwa kuongoza manispaa ya Ganshoren, meya wa kwanza mweusi nchini humo. Mwanawe Vincent alilelewa kisoka na klabu ya Anderlecht. Alisimulia kwa fahari kama anayesimulia habari za mjomba wake.

Jumapili nilichukua metro ya laini ya 5 hadi Saint-Guidon, nikaiona nyumba ambamo mwanazuoni Erasmus alikaa mwaka 1521. Bustani yake ni nzuri hata wakati wa baridi. Lakini kichwa changu kilikuwa darasani.

Mwisho wa mafunzo ulikuwa kuzima. Kila mmoja wetu alitakiwa kuuzima mfumo wa mazoezi na kuuwasha tena, wengine wakitazama. CEMT PERFORM SHUTDOWN, ikitolewa yenyewe, huzuia kazi mpya na kuziacha zilizoanza zimalizike. Nilimweleza Madame kwamba kwetu Likoni tunaujua utaratibu huo kwenye kivuko: geti linafungwa, walio nje wanangoja, ila waliokwisha kupanda feri lazima wavushwe hadi ng'ambo. Ukiongeza neno IMMEDIATE, wale waliomo safarini wanakatwa, na mfumo unaporudi ndipo unarekebisha yaliyoachwa nusu. Alituambia hilo neno ni la moto na mafuriko, si la mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Nilipotoa amri, orodha ya kazi ilipungua mstari kwa mstari. Moja ilibaki, Sus. Niliiuliza, ikajibu inangoja diski. Nikaingoja. Ikaisha, mfumo ukalala. Kisha tukauwasha, na chumba kizima kikakaa kimya kuisubiri DFHSI1517, ujumbe unaotangaza kwamba CICS imeshika usukani. Ulipotokea, yule kijana wa Cureghem ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Nimerudi, na kuna jambo linanisumbua. Nchi zetu hazikupita njia hii. Tanzania iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mradi wa Wizara ya Fedha kuleta hasara, na kizazi kizima cha watu ambao wangekuwa maopereta stadi leo hakikupatikana. Kenya haikuwa na marufuku, lakini ukubwa wa miamala ulitufikia kwa ghafla: M-Pesa ilianza Machi 2007, na hadi 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Tumekuwa na miamala ya taifa zima kabla ya kuwa na desturi ya watu wanaoiangalia usiku. Programu tunaandika, tena vizuri. Uendeshaji tunaufanya kama kazi ya mtu ambaye hakupata kazi nyingine.

Ubelgiji wameujenga utamaduni huo kwa nusu karne na zaidi. SWIFT, inayobeba ujumbe wa fedha kati ya benki za dunia, zikiwemo zetu, ilianzishwa huko 1973 na kuanza kazi 1977. Na hata hao leo wanatafuta watu. Nafasi hizo zipo, na si lazima mtu ahame nchi ili kuzishika. Zamu yangu ya kwanza ya CICS niliifanya nikiwa Nairobi.

Anayetaka kuanza hahitaji meinfremu nyumbani. IBM ina mafunzo ya bure mtandaoni yaitwayo Z Xplore, ambayo mwanafunzi hufanyia mazoezi kwenye mashine halisi akiwa popote penye intaneti. Kuna pia Hercules, programu iliyoanzishwa 1999 na Roger Bowler, inayoifanya kompyuta ya kawaida ya mezani iige meinfremu, na matoleo ya zamani ya mfumo wa MVS unaweza kuyaendesha juu yake bila malipo. Kwa wakuu wa vyuo vyetu vya ufundi, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, Kampala na Bukavu, ombi langu ni moja: wekeni somo la uendeshaji wa mitambo ya miamala kwenye mtaala, lenye zamu, daftari na mtihani wa kuzima na kuwasha, na muwatafute maopereta wastaafu walifundishe wangali na nguvu.